Jinsi ya kuiwekea deki ya zamani ya CD tundu la sauti ya dijitali

Mzee mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alivuka ziwa kuja Mwanza akiwa ameipakata deki yake ya Philips, imefungwa kitenge kama mtoto anayepelekwa hospitali ya Bugando. Spika ya kushoto ilikuwa kimya mwaka mzima, ya kulia inakwaruza.

"Shikamoo mzee. Deki hii umeinunua wapi?"

"Marahaba mwanangu. Sikuinunua, niliachiwa na padri aliporudi kwao. Wewe fanya utakavyofanya, mradi CD zangu za kwaya ziimbe."

Nilipoifungua nilikuta leza nzima, mota inazunguka vizuri, namba za nyimbo zinaonekana kiooni. Ubovu wote ulikuwa upande wa mwisho, kule sauti inakotokea kwenda kwenye matundu mekundu na meupe. Nyumbani mzee alikuwa na sabufa mpya aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar, yenye tundu la kupokea sauti ya dijitali. Na ndani ya deki, kwenye mguu mmoja wa IC (kile kidude cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi), sauti hiyohiyo ya dijitali ilikuwa inatoka kila sekunde bila kuwa na waya wa kuipeleka popote. Kiwanda kilikuwa kimemaliza kazi ngumu, kikaacha kuweka tundu la shilingi chache. Mwongozo huu ni wa kuweka tundu hilo.

Kabla hujashika bisibisi, elewa kinachotoka

CD imebeba namba. Kwa kila sekunde kuna vipimo 44,100 vya kushoto na idadi hiyohiyo ya kulia, kila kimoja cha biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Leza inasoma, IC ya kwanza inapanga na kusahihisha makosa, IC ya pili inachuja, kisha kigeuzi, ambacho mafundi wa muziki hukiita DAC, kinazifanya namba kuwa volti zinazopanda na kushuka. Baada ya hapo kuna IC ndogo za kukuza sauti na swichi ya kunyamazisha, halafu matundu ya nyuma.

Sisi tunazidaka namba kabla hazijafika kwenye kigeuzi. Lugha yake inaitwa S/PDIF, na herufi mbili za mwanzo wa jina hilo zimetoka kwa Sony na Philips waliounda mfumo huo. Kushoto, kulia na saa (mapigo ya kupanga muda) ya kuziongoza vyote vinapita kwenye waya mmoja, biti milioni 2.8 na ushee kwa sekunde. Kwa hiyo kigeuzi kikiwa kimekufa, au njia ya kukuza sauti ikiwa imeoza kwa unyevu, haikuhusu tena. Ziwa letu halina chumvi, lakini nyumba za Kirumba na Igogo zilizo karibu na maji zinaota kutu kwenye matundu ya AV hata hivyo.

Kitu ambacho kazi hii haiponyeshi ni deki inayorukaruka. Kama leza imechoka, namba zitatoka mbovu, na sabufa itakurudishia ubovu huohuo kwa usafi mkubwa zaidi. Tibu leza kwanza.

Je, deki yako inafaa?

Soma IC, usisome jina lililo usoni. Deki mbili zenye maumbo tofauti zinaweza kuwa na bodi ileile ndani, na zenye sura moja zikawa na bodi tofauti.

Deki nyingi za Philips na Marantz za katikati hadi mwisho wa miaka ya 1980 zina familia ya IC tatu: SAA7210, SAA7220 na TDA1541. Ukiikuta SAA7220, ndefu, yenye miguu 24, na ambayo ukiigusa deki ikiwa imewaka utaona inachemka, shangilia kidogo. Mguu wake wa 14 unaitwa DOBM na ndiyo njia ya dijitali tunayoitafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye deki ya mzee, na ndiyo nitakayoifuata kama mfano.

Kwenye deki za Sony na nyingine nyingi zilizotumia IC za Sony, tafuta mguu ulioandikwa DOUT kwenye karatasi ya maelezo ya IC hiyo. CXD2500, kwa mfano, ina huo mguu, lakini ina na mwingine uitwao MD2 ambao huwasha na kuzima njia hiyo. Usipopata kitu kwenye DOUT, angalia MD2 imefungwa wapi kabla hujaitukana IC. Karatasi hizi zipo intaneti kwa wingi. Andika namba ya IC na neno "datasheet", pakua kwenye simu, basi.

Deki za kizazi cha kwanza kabisa, zile za Philips za 1982 na 1983 zenye kigeuzi cha TDA1540 cha biti 14, hazina mguu wa namna hiyo. Kwa hizo unalazimika kuongeza IC ya kutengeneza S/PDIF kutoka mwanzo, kama CS8406 au DIT4192, na kuilisha data, saa ya biti na saa ya neno kutoka kwenye bodi. Inawezekana. Mimi sifanyi. Deki ya DVD ya mtumba yenye tundu la dijitali nyuma itakupa matokeo hayohayo kwa jioni moja badala ya wiki mbili.

Vifaa

Pasi ya lehemu yenye ncha nyembamba, ya wati 25 hadi 40. Ile kubwa ya kuunga mabati iache ilipo, itang'oa njia za shaba kwenye bodi. Mita ya kawaida. IC moja ya 74HCT04. Kapasita mbili za seramiki zenye namba 104, yaani nanofaradi 100. Rizista ya omu 330 (chungwa, chungwa, kahawia) na ya omu 100 (kahawia, nyeusi, kahawia). Kipande cha bodi ya matundu cha ukubwa wa kiberiti. Tundu moja la RCA, aina ileile ya matundu mekundu na meupe, la kufunga kwa nati. Waya mwembamba, na kipande cha kebo ya antena ya TV.

Rizista na kapasita utazipata kwa mafundi redio na madukani mjini kati, ukizunguka kuanzia Makoroboi. 74HCT04 inaweza kukusumbua. Mimi huagiza kutoka Kariakoo, zinakuja tano kwenye bahasha ya basi. Kebo ya antena usiidharau kwa kuwa ni ya mafundi wa madishi. Ni ya omu 75, na omu 75 ndizo S/PDIF inazozitaka.

Kufungua

Chomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima swichi tu. Ndani, upande wa transfoma, fyuzi na swichi, kuna volti 230 zilizo wazi kwenye miguu ya lehemu. Ukifika hatua ya kupima deki ikiwa inafanya kazi, funika eneo hilo kwa kipande cha plastiki kigumu na weka mkono mmoja mfukoni. Leza ya CD ni ya nanomita 780, jicho halioni mwanga wake vizuri na kope haitafumba kujikinga, kwa hiyo usiinamie kichwa cha leza kutazama "kama inawaka".

Ukifungua utakuta wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaokuja kama moshi na kujirundika kila penye taa. Kwenye deki ya mzee walijaa nusu kikombe. Wapulize na wafagie kwa brashi laini kabla hujachoma kitu, maana wakiungua na lehemu harufu yake haielezeki.

Shika chuma cha deki kidogo kabla ya kugusa IC ili umeme tuli wa mwilini uondoke.

Kuupata mguu wa 14

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa.

IC ina kikato upande mmoja. Ukiitazama kwa juu, kikato kikiwa kushoto, mguu wa 1 ni wa chini kushoto. Unahesabu kwenda kulia hadi 12, unapanda upande wa pili, 13 uko juu kulia kabisa, na 14 unaufuatia ukirudi kushoto. Rahisi. Lakini lehemu haichomwi juu, inachomwa chini ya bodi, na ukiigeuza bodi kila kitu kinageuka kama kwenye kioo. Mimi niliigeuza, nikahesabu kwa mazoea, nikachoma waya kwenye mguu wa 11, ambao ndio unaotazamana na 14. Deki ikagoma kusoma hata CD moja. Nilitoka jasho saa nzima nikidhani nimeiua, kumbe ilitosha kuutoa waya.

Tangu siku hiyo natumia njia hii: naweka ncha moja ya mita, ikiwa kwenye mlio wa kuunganisha, juu ya mguu wenyewe kwa upande wa juu, na ncha ya pili naitafutia nukta chini ya bodi. Ikilia, naweka alama ya kalamu ya wino usiofutika. Fanya hivyo kwa miguu mitatu: 14 ya sauti, 12 ya graundi, 24 ya volti 5.

Sasa washa deki na upime kati ya 12 na 24. Uone volti 5 au karibu sana. Kisha weka CD ipige, pima kati ya 12 na 14 kwa volti za DC. Usitegemee 5 wala sifuri. Mfumo huu unapanda na kushuka kwa usawa, hivyo mita inasoma wastani wake, kitu kati ya 1.5 na 2.5. Ukiona hivyo, namba zinatoka. Ukiona sifuri kamili au 5 kamili isiyotikisika, rudia kuhesabu.

Kama huna oskiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na wengi wetu hatuna, kuna ujanja wa redio. CD ikisimamishwa kwa muda, namba zote huwa sifuri, na S/PDIF ya sifuri tupu ni wimbi la mraba la kHz 1,411. Hiyo imo ndani ya AM. Chukua redio ndogo ya betri, itegeshe karibu na 1,411, isogeze kwenye kipande kifupi cha waya ulichokichomea kwenye mguu wa 14. Mvumo wa redio utabadilika, na ukibonyeza wimbo uendelee utabadilika tena. Mzee alipoona hivyo aliniuliza kama deki yake imekuwa kituo cha redio.

Bodi ndogo ya kusukuma

Wapo wanaochukua sauti moja kwa moja kutoka mguu wa 14, wanaweka rizista mbili na kumaliza. Mara nyingi inapiga. Mimi siifanyi, kwa sababu SAA7220 haitengenezwi tena, na mtu akichomeka waya wenye hitilafu nyuma ya deki, kinachoungua kisiwe hicho. Acha iungue 74HCT04.

IC hii ina milango sita ya kugeuza. Volti 5 kwenye mguu wa 14, graundi kwenye 7, na kapasita moja ya 104 katikati ya hiyo miwili, karibu iwezekanavyo. (Angalia: hapa 14 ni volti, kule kwenye SAA7220 14 ni sauti. Usichanganye.) Waya kutoka DOBM unaingia mguu wa 1. Kinachotoka mguu wa 2 kipeleke kwa pamoja kwenye 3, 5, 9, 11 na 13. Vinavyotoka 4, 6, 8, 10 na 12 viunge viwe kimoja. Mlango mmoja umepokea, mitano inasukuma sambamba, na hakuna mguu wa kuingilia ulioachwa ukielea.

Kwa nini HCT na siyo HC? IC za zamani kama SAA7220 hazipandishi volti hadi 5 kamili. HC inaweza kukataa kwamba hiyo ni "juu", HCT inaikubali. Na usijali kwamba sauti imegeuzwa juu chini. Mpokeaji wa S/PDIF anasoma mabadiliko, hajali upande.

Baada ya muungano wa ile mitano weka kapasita ya pili ya 104 kwa mfululizo, kisha rizista ya 330 kwa mfululizo, kisha ya 100 kwenda graundi. Makutano ya 330 na 100 ndiyo yanayokwenda kwenye tundu. Hesabu yake: upande wa deki unaonekana kama omu 77, na mpokeaji wa omu 75 akiunganishwa anapata takriban volti 0.57. Kanuni inasema 0.5, na inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Ukipata rizista za 390 na 91 utakuwa karibu zaidi, 0.48, lakini usizunguke mji mzima kwa ajili ya tofauti hiyo.

Volti 5 na graundi za bodi hii zichukue kwenye miguu 24 na 12 ya SAA7220 yenyewe. Waya wa DOBM usizidi sentimita tano au sita. Ibandike bodi kwa gundi ya moto juu ya sehemu tupu, mbali na kichwa cha leza na mbali na SAA7220, maana gundi hiyo inayeyuka.

Kutoboa nyuma, lakini baada ya kusikia

Usitoboe bado. Kwanza acha tundu la RCA lining'inie, liunganishe na sabufa, usikie muziki. Nimeona deki yenye tundu zuri la nyuma ambalo halijawahi kutoa sauti hata siku moja.

Na hapa kuna kosa la kawaida: watu wanachomeka kwenye TV. Tundu la dijitali nyuma ya TV karibu kila mara ni la kutoa sauti, siyo la kupokea. Unahitaji amplifaya, sabufa au kigeuzi chenye tundu la kuingizia.

Ikishaimba, tafuta nafasi nyuma mbali na transfoma. Tia kituo kwa msumari kwanza ili keekee isiteleze, na weka kipande cha nguo chini kidake vumbi la chuma. Punje moja ya chuma chini ya bodi inatosha kukuharibia siku. Lifunge tundu kwa pete ya plastiki lisiguse mwili wa deki. Kutoka bodi ndogo hadi tundu tumia kebo ya antena, kiini kwenye makutano ya rizista, wavu kwenye graundi ya bodi.

Kama sabufa inapokea mwanga tu

Sabufa ya mzee ilikuwa hivyo, ina tundu la mraba la optiki peke yake. Basi rizista zile mbili na kapasita yake hazihitajiki. Unahitaji kipande cha kutoa mwanga, na hicho kimelala kwenye ving'amuzi na deki za DVD zilizokufa kwa kila fundi. Kina njia tatu za kujali: volti, graundi na kuingiza. Kinalishwa moja kwa moja kutoka ile miguu mitano iliyoungana.

Soma namba ya kipande kabla ya kukipa umeme. Vya zamani kama TOTX173 vinataka volti 5, na hicho kinataka pia rizista ya kilo-omu 8.2 kama karatasi yake inavyoonyesha. Vilivyotoka kwenye ving'amuzi vya karibuni vingine ni vya 3.3, na ukivipa 5 vinawaka vizuri kwa muda mfupi sana. Kikifanya kazi utaona mwanga mwekundu ndani ya tundu. Huu unaonekana na si wa kutisha kama ule wa leza.

Mimi napenda njia ya mwanga kwa sababu nyingine. Waya wa shaba unaunganisha graundi ya deki na ya sabufa, na kwenye nyumba zenye nyaya za kuungaunga sabufa inaanza kunguruma. Mwanga hauunganishi kitu. Ukilazimika kutumia shaba na mngurumo ukaja, toa pete ndogo ya feraiti kwenye taa iliyoungua ya kubana matumizi, izungushie waya mwembamba mara 12, kisha waya mwingine mara 12 usiogusana na wa kwanza. Wa kwanza unaenda kwenye makutano ya rizista na graundi, wa pili kwenye tundu peke yake. Sura yake ni mbaya, lakini mngurumo unakoma.

Ikikataa

Sabufa ikipokea kisha ikapoteza kila baada ya sekunde chache, tazama lehemu kavu kwenye tundu na waya mrefu wa DOBM. Ikiwa kimya kabisa ila mguu wa 14 wa SAA7220 una volti zake za wastani, pima mguu wa 2 wa 74HCT04, kisha muungano wa mitano. Pale wastani unapopotea ndipo penye kosa. Muziki ukitoka na vipande vya mlio mkali, safisha jicho la leza kwanza kabla ya kulaumu kazi yako.

Sauti ya njia hii haizimwi na ile swichi ya kunyamazisha iliyo upande wa analogi, kwa hiyo unaweza kusikia mlio mfupi wakati deki inabadilisha wimbo. Si ubovu.

Kabla ya kurudisha mfuniko, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike kwa ndani: DOBM imetoka mguu gani, volti zimechukuliwa wapi, rizista gani zimetumika, na tarehe. Mfuniko wa deki ya mzee ulikuwa tayari na mwandiko wa fundi mwingine, tarehe ya 1994, "mkanda umebadilishwa". Niliandika wangu chini yake.